Saa Iliyofutwa, Karatasi Isiyo na Uzito

Mwaka 1910, Edward Curtis aliingia kwenye hema la Wapiegan, jamii ya Blackfeet wa Montana, akapiga picha ya wanaume wawili walioketi: Little Plume na mwanawe, Yellow Kidney. Kati yao palikuwa na saa ndogo ya mezani. Negativu yenyewe inahifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, na yeyote mwenye bando anaweza kuiona leo. Saa iko pale, mviringo, ndani ya kisanduku chake, imetulia kama mgeni wa tatu. Lakini picha ilipotoka kitabuni mwaka 1911, saa haikuwepo. Ilifutwa.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na kawaida kinaishia hapo: mzungu aliwataka Wenyeji Asilia waonekane watu wa kale, na saa ilimharibia hadithi. Ni kweli. Nilipoanza kusoma habari za uchapaji wa picha kwa mikono, hata hivyo, nilinaswa na kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana. Matajiri walionunua seti za bei ya juu za kazi ya Curtis waliipata picha ile ikiwa imechapwa kwenye karatasi nyembamba ya Japani. Nyembamba kama ganda la kitunguu. Najiuliza kwa nini kazi ya kuwatangaza watu ati "wanatoweka" ilihitaji karatasi ambayo yenyewe inakaribia kutoweka ukiiinua kwenye mwanga.

Kwanza karatasi yenyewe. Wajapani huiita washi, na nyingi hutoka kwenye mimea mitatu: kozo, mitsumata na gampi. Kozo ni wa ukoo wa mforosadi na hupandwa shambani. Mitsumata pia hupandwa. Gampi ni mkaidi. Hukua polepole na hakubali sana kufugwa, kwa hivyo wengi huenda kumtafuta mlimani. Karatasi yake ina mng'ao wa hariri, na wadudu hawaipendi.

Sehemu inayotakiwa ni gome la ndani tu. Kozo hukatwa majira ya baridi, matawi yakapikwa kwa mvuke, gome likavuliwa, na ganda jeusi la nje likakwanguliwa. Gome jeupe linalobaki huchemshwa katika maji ya alkali, zamani ya majivu, kisha huoshwa kwa maji baridi. Halafu inafuata kazi ambayo mimi ningeikimbia siku ya kwanza. Watu huinama juu ya maji na kutoa kwa vidole kila kibanzi, kila doa, kila uchafu mdogo kama sisimizi. Mikono ndani ya maji ya baridi, saa baada ya saa. Ukisikia mtu anasifu usafi wa washi, ujue anasifu vidole vilivyokufa ganzi.

Baada ya hapo gome hupondwa, nyuzi zikaachana. Nyuzi za kozo zinaweza kufika sentimita 1, wakati zile za mbao, zinazotengeneza karatasi ya fotokopi, huwa milimita 1 hadi 3 hivi. Siri ya wembamba wote iko hapo. Nyuzi ndefu zikishikana hazihitaji kuwa nyingi. Ndani ya pipa la maji hutiwa ute wa mzizi wa tororo-aoi, mmea wa jamii ya bamia. Na wewe unayejua kupika bamia unaelewa mara moja ute huo unafanya nini: maji yanakuwa mazito, nyuzi haziendi chini wala hazijikunji, zinaelea zimetawanyika. Fundi huchota kwa chekeche la mianzi, anatikisa mbele na nyuma, anamwaga yanayozidi, anachota tena. Karatasi hujengwa tabaka kwa tabaka. Mbichi hivyo hivyo hupangwa moja juu ya nyingine, na kesho zinaachana bila kung'ang'ania.

Wembamba unaweza kwenda mbali kiasi gani? Kampuni ya Hidakawashi, mkoani Kochi, hutengeneza karatasi ya kozo yenye uzito wa gramu 1.6 kwa mita mraba. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80. Yaani shiti 50 za hiyo ndizo zinafikia uzito wa shiti moja ya ile uliyochapia CV yako. Wanaoinunua zaidi ni mafundi wa makumbusho na maktaba, wanaoibandika juu ya hati zilizochakaa, na maandishi yanasomeka kama kawaida.

Ulaya iliijua mapema. Tangu 1641 Waholanzi walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki, wakiwa Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani. Kwenye meli zao ilisafiri pia karatasi. Karibu mwaka 1647, Rembrandt alianza kuitumia Amsterdam kuchapa michoro aliyochonga kwenye bamba la shaba. Aliipenda kwa sababu za kifundi. Ni laini, inanywa wino vizuri, na ukwaruzo mwembamba wa sindano kwenye shaba, ambao huchakaa haraka ukisuguliwa na karatasi ngumu, hutoa juu yake weusi mtamu kama mahameli. Na ilikuwa na rangi ya joto, ya asali iliyochujwa. Wateja nao walijua kuulizia nakala za karatasi hiyo. Kwa hivyo tangu mwanzo kuna mambo mawili pamoja: ubora ambao ni wa kweli kabisa, na bei inayopanda kwa sababu kitu kimetoka mbali.

Karne mbili baadaye ikaja picha ya kamera, na swali lile lile likarudi kwa mlango mwingine: picha ikae wapi?

Picha nyingi tulizozaliwa tukazikuta kwenye albamu za nyumbani zimekaa ndani ya jelatini. Karatasi iko chini, imebeba tu. Mwaka 1873, Mwingereza William Willis alipata hataza ya njia tofauti, ya platinamu. Unapaka karatasi mchanganyiko wa chumvi za chuma na za platinamu, unaikausha gizani, unaweka negativu juu yake, unaitoa kwenye mwanga. Miale ya ultravayoleti hubadilisha chuma. Ukiitia kwenye dawa, chuma hicho huigeuza chumvi ya platinamu kuwa platinamu halisi. Chuma kilichobaki huoshwa kwa asidi nyepesi. Kinachosalia ni vumbi la madini ndani ya nyuzi za karatasi. Hakuna utando wala ung'avu wa plastiki, picha imeingia kwenye karatasi kama chai iliyomwagikia kitambaa. Platinamu haipati kutu wala haififii kirahisi, kwa hivyo picha huishi muda ule ambao karatasi itaishi.

Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini watu wa njia hizi wana wazimu wa karatasi. Kama picha iko ndani ya nyuzi, basi nyuzi ni nusu ya picha. Gampi hutoa mistari mikali kwa sababu uso wake umekaza. Kozo hutoa ulaini, na wakati mwingine unywele mmoja mmoja huonekana ndani ya anga jeupe. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa sayanotaipu, ile picha ya bluu aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, ambayo ni rahisi zaidi na haihitaji madini ya bei ya dhahabu.

Kuna balaa moja la kikemia. Karatasi nyingi za kisasa za wachoraji hutiwa chokaa ili zisioze kwa asidi. Kwa mtunza nyaraka hiyo ni baraka. Kwa mchapaji ni shida, maana alkali huila ile bluu ya sayanotaipu na huvuruga dawa za platinamu pia. Wengi huloweka karatasi kwenye asidi kwanza ili kuua chokaa. Washi nyingi hazikutiwa kitu hicho, gome tu lililooshwa vizuri, na hiyo ni sababu mojawapo watu wanazikimbilia.

Mimi mwenyewe nililetewa shiti tatu za gampi na rafiki aliyesafiri, nikazipeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya maabara ya picha mjini Nairobi tangu enzi za filamu. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipuliza, ikaruka. Akacheka.

"Kijana wangu, hii utaishikaje ikishaloa?"

Ndilo swali lenyewe. Karatasi nzito ya pamba unaweza kuiburuta majini kwa pembe moja. Gampi ikiloa hujikunja, hujishika, hujigeuza kamba. Haichaniki kirahisi, nyuzi ndefu zinailinda, ila inakukatalia kunyooka. Mzee alichukua kipande cha neti ya mbu, akakikaza kwenye fremu ya mbao, akasema, "Usiinue karatasi. Inua neti." Tulipaka dawa ya sayanotaipu karatasi ikiwa imelazwa juu ya kioo, tukaianika juani na negativu juu yake, kisha tukailaza kwenye neti na kuizamisha beseni zima. Ilitoka na picha ya mlango wa Lamu, bluu, nyembamba kiasi kwamba upande wa nyuma uliuona mlango ule ule ukiwa umegeuka. Mzee aliitazama pande zote mbili muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Hii haina mgongo," alisema.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, maana linanirudisha New York.

Alfred Stieglitz alitaka ulimwengu ukubali kwamba picha ya kamera ni sanaa, si kazi ya mashine. Kati ya 1903 na 1917 alitoa jarida liitwalo Camera Work. Picha zake nyingi zilikuwa fotogravia, njia iliyokamilishwa na Karel Klíč wa Vienna mwaka 1879: picha huhamishiwa kwenye bamba la shaba, shaba ikaliwa na dawa kwa vina tofauti, bamba likapakwa wino na kufutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake ndani ya mashinikizo. Nyingi zilichapwa kwenye tishu ya Japani na kubandikwa kwa mkono, moja moja, kwenye kurasa. Unafungua jarida, na picha imekaa juu ya ukurasa kama jani lililodondoka. Inakwambia, bila kusema, nishike taratibu. Na kitu unachokishika taratibu tayari umekubali kwamba kina thamani.

Hapo ndipo nampa Stieglitz heshima yake na kumnyima kidogo. Kazi ni nzuri mno. Lakini karatasi ilikuwa pia hoja, sehemu ya ubishi wake. Picha yake maarufu, The Steerage, aliyoipiga mwaka 1907, inaonyesha abiria maskini waliobanana kwenye sitaha ya chini ya meli. Mwaka 1915 aliitoa kwa ukubwa kwenye jarida lingine, 291, na nakala za kifahari zilichapwa kwenye karatasi ya Japani. Maskini wa daraja la chini, karatasi ya daraja la kwanza. Hazikununuliwa. Mwishowe, kama alivyosimulia yeye mwenyewe, nakala zilizobaki aliziuza kwa muokota makaratasi kwa dola chache.

Sasa turudi kwa Curtis, ambaye hakuwa na shida ya wanunuzi wa namna hiyo, angalau mwanzoni. Mwaka 1906, tajiri wa benki J. P. Morgan alikubali kumpa dola 75,000. Kazi ikaitwa The North American Indian, juzuu 20, za kati ya 1907 na 1930, dibaji ikaandikwa na Rais Theodore Roosevelt. Seti zilipangwa kuwa 500, na hazikuuzwa zote, hata kwa mbali. Mnunuzi alichagua karatasi: ya Kiholanzi ya Van Gelder, karatasi nzito ya Japani, au tishu ya Japani. Tishu ilikuwa ghali kupita zote.

Picha iliyotangulia kwenye mradi ule, ya mwaka 1904, ni ya Wanavajo wamepanda farasi, wametupa mgongo, wanaingia gizani. Curtis aliiita The Vanishing Race, mbari inayotoweka. Weka picha hiyo kwenye tishu inayopitisha mwanga. Wino unaonekana kuelea. Watu wanaonekana kama moshi. Kila sifa niliyoitaja hapo juu, ulaini, rangi ya asali, ile hali ya picha kuwa ndani ya nyuzi, inafanya kazi moja: inamhakikishia mwenye maktaba ya mbao za mwaloni kwamba watu hawa wameshakwenda, na jambo lililobaki ni kuwasikitikia kwa utulivu.

Hawakuwa wamekwenda. Wakati Curtis anapiga, watoto wao walikuwa wanapelekwa shule za bweni za serikali kama ile ya Carlisle, Pennsylvania, wakanyolewe nywele na kukatazwa lugha zao. Ardhi yao ilikuwa inagawanywa na kuuzwa. Watu walikuwa wanapambana, wanashtaki, wanafanya kazi, wanaangalia saa. Hiyo saa ya Little Plume naipenda kwa sababu hiyo. Mtu aliinunua, au alibadilishana nayo kitu. Aliitaka iwe kwenye picha. Usiweke kitu katikati yenu siku ya kupigwa picha kama hukitaki kionekane. Tazama picha za studio za babu zetu, redio mkononi, saa ya mkono imesogezwa nje ya shati. Ni lugha ile ile.

Siwezi kusema kosa ni la karatasi. Karatasi haina nia. Na ikiwa mtu anadhani washi kwa asili yake ni kitu cha upole, historia yake nyingine itamzindua. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945, jeshi la Japani lilirusha maputo yapatayo 9,300 yenye mabomu yapeperuke na upepo wa juu kuvuka Pasifiki hadi Marekani. Yalikuwa na upana wa mita 10 hivi, na mengi yalikuwa ya washi ya kozo, tabaka juu ya tabaka, iliyogundishwa kwa uji wa konnyaku, kiazi cha kuliwa. Waliogundisha walikuwa, kwa sehemu kubwa, wasichana wa shule. Inasimuliwa kwamba wengine waliuiba ule uji na kuula kwa njaa. Tarehe 5 Mei 1945, karibu na mji wa Bly, Oregon, puto moja lilikutwa msituni na watu wa kanisa waliokwenda matembezi. Lililipuka likaua mwanamke mjamzito na watoto watano. Nyuzi zile zile, ute ule ule, na mikono ya wanawake ile ile ndani ya maji baridi.

Mafundi leo bado hutumia konnyaku kuipa washi nguvu isilegee ikiloa. Wachapaji wa picha pia. Sijawahi kukutana na mwongozo wa uchapaji unaotaja maputo.

Platinamu, kwa upande wake, iliuawa na vita vilivyotangulia. Urusi ndiyo ilikuwa chimbuko kuu la madini hayo. Vita vikafunga njia, majeshi yakayataka kwa viwanda vya silaha, bei ikaruka. Kodak iliacha kutengeneza karatasi ya platinamu mwaka 1916. Willis akageukia paladiamu. Baadaye kila kitu kikamezwa na karatasi za fedha na jelatini, na njia za kale zikabaki kwa wachache wenye subira, hadi zilipofufuka miaka ya 1960 na 1970. Huko Japani, mpigapicha Takeshi Shikama huchapa misitu yake kwa platinamu na paladiamu kwenye gampi, na nikizitazama sioni hoja yoyote ya kumshawishi mtu. Ni miti tu, kwenye karatasi ya mti, nchini mwake.

Wakati huo huo karatasi yenyewe imepungua. Mwaka 1901 Japani ilikuwa na nyumba zaidi ya 68,000 zilizotengeneza washi; leo hazifiki 300. Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha aina tatu, Sekishu-banshi, Hon-minoshi na Hosokawashi, kama urithi wa binadamu wote. Maneno mazuri. Ila vijana wanaohesabu mshahara dhidi ya yale maji ya baridi, siwalaumu.

Kuhusu Curtis, wajukuu wa watu aliowapiga hawakukubaliana wote kuzitupa picha zake. Familia nyingine huzitafuta kwa sababu ndiyo sura pekee ya bibi waliyo nayo, na jina lake limeandikwa chini. Jibu ninaloliheshimu zaidi ni la Will Wilson, mpigapicha wa Diné, yaani Navajo, ambaye mwaka 2012 alianza mradi wa kupiga Wenyeji Asilia kwa njia ya kale zaidi ya Curtis, bamba la chuma lililolowa dawa. Anayepigwa huja na chochote anachotaka, avae anavyotaka. Kisha Wilson humpa lile bamba lenyewe, la asili, aende nalo nyumbani, na yeye hubaki na nakala.

Na huku kwetu? Mforosadi wa karatasi, ndugu wa damu wa kozo, umeenea katika misitu ya Uganda, Mabira na Budongo, na wataalamu wa misitu huuhesabu kuwa mti vamizi unaozuia miti ya asili kuota. Yaani kuna watu hapo jirani wanaotafuta namna ya kuukata. Uganda hiyo hiyo ina mafundi wa Baganda wanaovua gome la mutuba na kulipondaponda kwa nyundo za mbao hadi liwe nguo, ujuzi ambao pia uko kwenye orodha ya UNESCO. Gome, nyundo, maji, subira. Yule mzee wa maabara nilipomweleza hayo hakuongelea historia hata kidogo. Aliuliza nauli ya basi hadi Kampala ni pesa ngapi siku hizi, na kama bamia ya kawaida inaweza kutoa ute wa kutosha.